Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula na Ratiba hadi Machi 2026

Seoul
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Kwa wazazi na walezi wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi,

Ninawasalimu nyote, na ninawashukuru kwa kuwaleta watoto hata asubuhi za baridi kali kama ya leo. Ripoti ya kila mtoto imo ndani ya bahasha hii, kwa hiyo sitazungumzia alama. Ninaandika kuhusu tarehe, kwa sababu mwaka huu zimetusumbua kuliko masomo yenyewe.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilipanga kipindi Jumamosi ya 11 Oktoba nikidhani kwamba Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, ambayo mwaka 2024 iliangukia 17 Septemba, ingekuwa imekwisha kupita. Kumbe mwaka huu ilikuwa 6 Oktoba, ikaungana na Siku ya Kuasisiwa kwa Taifa ya tarehe 3 na Siku ya Hangeul, yaani alfabeti ya Kikorea, ya tarehe 9, na baadhi ya shule zikafunga hata Ijumaa ya tarehe 10. Waliofika darasani ni watoto watatu, na mwalimu wao mwenye haya.

Chuseok huadhimishwa siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda inayofuata mwezi wa angani, na mwaka huu kalenda hiyo ilikuwa na mwezi wa sita mara mbili, wa pili ukianza 25 Julai, ndiyo maana sikukuu ikachelewa. Wazazi Waislamu watalielewa jambo hili upesi: kalenda ya Hijria haiongezwi mwezi, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote, ilhali Wakorea huongeza mwezi mara 7 katika kila miaka 19, sikukuu ya mavuno isije ikaangukia wakati wa theluji. Kwa sababu hiyo, tarehe ya mwaka uliopita haifai kabisa kupangia safari ya mwaka unaofuata.

Seollal, yaani mwaka mpya wa kalenda hiyo, itakuwa Jumanne, 17 Februari 2026, na mapumziko ni kuanzia tarehe 16 hadi 18. Mwezi huohuo wa angani ndio utakaoleta Ramadhani. Wakorea huhesabu kuanzia siku mwezi unapozaliwa, Waislamu husubiri uandame na uonekane, hivyo mfungo unatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19. Familia zitakazoalikwa kwa marafiki zikumbuke kwamba asubuhi ya Seollal watoto huwainamia wakubwa hadi chini, wakawatakia heri, kisha wakapewa fedha, ambazo hupokewa kwa mikono miwili. Watoto wetu wameielezea salamu hiyo vizuri kuliko mimi: ni shikamoo ya mwili mzima. Isidhaniwe kwamba sikukuu hii imekuwa na heshima hii siku zote. Serikali ilihamia kalenda ya jua tangu 1 Januari 1896, na Seollal ilirudishwa kuwa siku ya mapumziko mwaka 1985 tu, kwa jina jingine, ikapata jina lake na siku tatu mwaka 1989.

Sasa nije kwenye jambo linalowakosesha wengi. Kule nyumbani Tanzania na Kenya binamu za watoto wetu huanza darasa jipya Januari, lakini hapa mwaka wa shule huanza Machi. Shule nyingine hurudi siku chache mwezi Februari kwa mahafali na kufunga rasmi, nyingine humaliza kila kitu mapema Januari. Ulizeni shule ya mtoto wenu kabla ya kukata tiketi. Kwa kuwa 1 Machi, siku ya kukumbuka harakati za uhuru za mwaka 1919, itakuwa Jumapili, Jumatatu ya tarehe 2 ni mapumziko ya fidia na masomo yataanza Jumanne, 3 Machi. Tafadhali msirudi usiku wa tarehe 2. Mtoto aliyetoka Dar es Salaam ana tofauti ya saa sita mwilini, na siku hiyo ndiyo anayokutana na mwalimu mpya na wenzake wapya.

Watoto waliozaliwa mwaka 2019 ndio wanaoingia darasa la kwanza. Msikae mkisubiri barua ya mwito kama wanayopelekewa raia. Nendeni wenyewe shule ya msingi iliyo karibu, mkiwa na kadi ya ukaazi ya mtoto, mapema Januari.

Sisi tutakutana kwa hadithi tu tarehe 10 na 24 Januari, na masomo yataanza tena Jumamosi, 7 Machi. Chuseok ijayo ni Ijumaa, 25 Septemba 2026, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 26 hakuna kipindi. Safari hii nimeihakiki mara mbili.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu