Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa halmashauri yetu: tupe mtu wa kutueleza sukari

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: HOFU YA KISUKARI NA AHADI YA ALHAMISI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima zote naomba nikuandikie hadharani, kwa kuwa barua niliyoiacha masjala haijajibiwa na simu ya ofisini inaita tu mpaka inakata. Mimi ni mama lishe, nina kibanda karibu na stendi, katika mojawapo ya halmashauri za mkoa wetu huu wa Dodoma. Baadhi ya watumishi wako wanakula kwangu mchana, kwa hiyo naamini barua hii itakufikia.

Jumamosi iliyopita lilikuja gari lenye spika kwenye mnada wetu. Vijana waliovaa makoti meupe walipanga meza chini ya mti, wakawa wanapima watu sukari kwa pesa. Binti anayenisaidia jikoni nilikuwa nimemtuma nyanya. Alikuwa ametoka kunywa soda, na mkononi ana mfuko wa zabibu za msimu huu, anakula huku anatembea. Wakamwita, wakamtoboa kidole hivyo hivyo, bila hata kumwambia anawe mikono. Mashine ikasoma 8.1. Wakamwambia mbele ya kadamnasi: "Dada, una kisukari, na figo zimeshaanza kuchoka." Hapo hapo wakamtolea chupa ya dawa ambayo bei yake inakula zaidi ya nusu ya mshahara ninaomlipa.

Binti huyo ana miaka 22. Alirudi kibandani analia mpaka hawezi kusema. Tangu siku hiyo hagusi wali, hagusi ugali, hata tunda hataki. Usiku ananiuliza kama watamkata mguu.

Meza ile, Ndugu Mganga Mkuu, ilikuwa hatua chache kutoka lango la kituo chako cha afya. Watumishi walipita wakaona. Hakuna aliyeuliza kibali. Ninavyofahamu, nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ina Baraza linalosajili waganga, na ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yenye makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Sina ugomvi na waganga wa asili, wapo ninaowaheshimu. Ninachouliza ni nani aliruhusu watu wasiojulikana kutoboa vidole vya wananchi na kuwatangazia ugonjwa kwenye spika.

Naandika kwa uchungu kwa sababu njia anayopita binti huyu mimi nimeipita.

Mama yangu mkubwa alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Nilimuuguza mimi, nikaosha kile kidonda kwa mikono yangu, kwa hiyo ugonjwa huu sihitaji kuhadithiwa. Mwaka jana nilikwenda kituoni kwa ajili ya malaria, wakanipima na sukari. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Mhudumu akatazama mashine akasema, "7.4. Sukari yako inapanda mama, jiangalie." Akaita mwingine. Nikauliza nijiangalie vipi, akaniambia foleni ni ndefu. Kwa kweli foleni ilikuwa ndefu.

Nilichopewa pale ni namba na woga. Maelezo nikaenda kuyatafuta kwenye simu, maana ndipo yanapopatikana saa tano ya usiku. Nikakuta watu wanaapa kwamba ukisikia kiu basi tayari, ukiamka kukojoa basi tayari, vidole vikifa ganzi basi mishipa imekufa. Mmoja anasema ndugu yake alipofuka ndani ya wiki. Mwingine anasema vidonge vya hospitali ndivyo vinavyoua figo. Wa tatu ana dawa, piga namba hii. Kwenye kikundi chetu cha kikoba zikawa zinaletwa sauti kila siku, na aliyeleta hajui zimetoka wapi. Hofu ya namna hii inaingia kama vumbi letu la Dodoma, ukifunga mlango inapita dirishani.

Sasa tazama ilivyonitenda. Ilikuwa Oktoba, na wewe unaijua Oktoba ya huku, jua kali, hewa kavu, midomo inapasuka. Nani hasikii kiu Oktoba Dodoma? Lakini mimi kila kiu niliihesabu kuwa ni sukari. Nikinywa maji mengi jioni, usiku naamka kukojoa. Nikiamka, natetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, napumua haraka haraka mpaka vidole vinafanya ganzi na midomo inakauka. Nikawa nimetimiza dalili zote nilizosoma. Nikaacha kula. Nikakonda, na nilipokonda wateja wakaanza kunong'ona kwamba mama lishe ana sukari ile mbaya, wengine wana yao ya kusema zaidi. Mauzo yakashuka. Nikakopa kwenye kikoba nikanunua mashine ya kupimia, na kopo la stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, likawa linameza faida ya siku nzima. Nilikuwa najitoboa kabla ya chai, baada ya chai, nikishtuka usiku. Ncha za vidole zikawa nyeusi, na mimi kazi yangu ni kukata vitunguu na ndimu. Watoto wangu walizoea kuniona nimekaa kitandani gizani na mwanga wa simu usoni. Mdogo akaanza kukataa sukari kwenye uji wake, ana miaka saba.

Hayo yote kwa sababu ya 7.4 niliyopimwa nikiwa nimeshiba chapati.

Aliyenitoa huko ni jirani yangu, muuguzi mstaafu. Siku moja alikuja kununua maandazi akaona vidole vyangu. Akanikalisha chini, akasema, "Mwanangu, hebu nieleze, ulipima saa ngapi na ulikuwa umekula nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Ukikaa usiku bila kula kwa muda usiopungua saa nane, halafu asubuhi ukapimwa, chini ya 6.1 ni salama. Ikifika 7.0 na kuendelea ndipo tunazungumza kisukari, na hata hapo kama huna dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine. Katikati ya hizo mbili ni ya kufuatilia na kubadili mlo, wala si ya kulilia. Mtu aliyekwisha kula hapimwi kwa kipimo hicho. Kwake huyo, na kama ana dalili, namba inayotisha ni 11.1 na kuendelea. Na kabla ya kutoboa, nawa mikono kwa sabuni ukauke, kwa maana kidole chenye soda au utomvu wa tunda kinaidanganya mashine.

Akanieleza na kuhusu mwili. Kwamba woga peke yake unakausha mdomo, unakimbiza moyo, unakupeleka chooni, na kupumua kwa haraka kunaleta ganzi. Akaniambia nisijitoboe tena, nikapime maabara ile HbA1c, ambayo inaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Nilipima kwa pesa yangu, ikaja asilimia 5.4. Kwa kipimo hicho kisukari kinaanzia asilimia 6.5. Akaniambia swali likinijia usiku niliandike kwenye daftari nimletee asubuhi, simu nisiiguse. Mengi nilipoyasoma asubuhi yalikuwa yameshapoteza nguvu. Sikupona siku hiyo hiyo, hofu bado inanijia, hasa kukiwa na msiba wa mtu wa sukari. Lakini nalala.

Mama huyo hakutumia dawa wala mashine, Ndugu Mganga Mkuu. Alitumia muda wa kunywa chai na bahasha iliyotumika. Nilichokipata kwake ndicho ulichotuahidi wewe.

Naomba nikukumbushe. Novemba iliyopita, katika wiki ya magonjwa yasiyoambukiza, ulisimama uwanja wa ofisi ya kata, mwenyekiti wa kijiji yupo, diwani yupo, sisi tumekaa juani. Ulisema kuanzia Januari kila Alhamisi kutakuwa na mtumishi kituoni wa kuzungumza na watu kuhusu sukari na presha, awe mgonjwa asiwe mgonjwa, bila malipo. Ulisema, nanukuu kwa kuwa niliyaandika, "Msihangaike na maneno ya mitandaoni, njooni kwetu tuwaeleze." Tulipiga makofi. Tangazo likabandikwa mlangoni. Nilikwenda Alhamisi, nikaambiwa mhusika yupo semina. Nikaenda Alhamisi nyingine, chumba kimefungwa. Baadaye kile chumba kikawekwa maboksi. Tangazo bado lipo, limepauka, jina la siku bado linasomeka.

Sijui kilichokwamisha. Labda ni uhaba wa watumishi, na hilo nalielewa, nawaona wanavyochoka. Labda mnaogopa mkifungua mlango watu watajaa na stripu zitakwisha. Labda bajeti haikufika. Mimi nadhani, na unisahihishe kama nimekosea, kwamba mtu mwenye hofu ambaye vipimo vyake ni vizuri haonekani kwenye taarifa zenu. Hana kadi ya kliniki, hapewi dawa, hajaza safu yoyote ya rejista. Anarudi nyumbani kama mzima, na kule nyumbani hali chakula.

Ugonjwa upo, sisemi haupo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na wengi hawajui. Ndiyo maana hofu hii inaniuma zaidi. Mimi ilinifanya nipime kila saa, lakini wengine inawafanya wasipime kabisa. Kuna mzee anayekula kwangu, fundi baiskeli, ana kidonda kwenye unyayo hakikauki, anakunywa maji jagi zima kwa mlo mmoja. Nikimwambia aende akapime ananijibu, "Mama, nikijua nitakufa haraka." Amesikia hivyo. Na kuna mama ambaye mwanawe wa darasa la tano anaishi kwa sindano za insulini, ametumiwa sauti inayosema insulini ndiyo inayomaliza watoto. Alikuja kwangu na chupa mkononi ananiuliza aitupe au asiitupe. Mimi, mama lishe, naulizwa swali hilo! Nilimshika mkono nikampeleka kwa muuguzi mstaafu. Akaelezwa kwamba kabla ya insulini kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini yake, hakuwa na maisha, na kwamba akiacha sindano siku chache tu mwanawe anaweza kufa. Mama yule alikaa chini kwenye mkeka akanyamaza. Je, siku muuguzi yule hayupo? Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na hakuna anayemlipa.

Tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, inakaribia. Mwaka jana tulipewa fulana na tukapimwa foleni nzima, kila mtu akapewa kikaratasi chenye namba. Nakuomba sana, mwaka huu msitupe namba bila maelezo. Kama hakuna mtu wa kueleza, afadhali msipime siku hiyo, kwa maana jioni yake spika za mnadani ndizo zitakazoeleza.

Nilikuwa na mengi ya kudai. Nilitaka stripu zisikosekane kituoni, nilitaka HbA1c ipatikane bila kusafiri hadi mjini, nilitaka wale wenye gari watafutwe wajieleze, nilitaka wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kujibu haya majumbani na kwenye vikoba. Yote bado nayataka. Ila kama yote hayawezekani, nipe hili moja: mtu mmoja, kiti, Alhamisi. Asiwe daktari bingwa. Awe anayejua kuuliza ulipima saa ngapi na ulikuwa umekula nini, na awe na subira ya kusikia jibu. Chumba kama kimejaa maboksi, mti uliopo uani una kivuli. Benchi nitaleta mimi kutoka kibandani, chai nitaleta mimi.

Binti yangu wa jikoni nimemwambia Alhamisi hii aamke bila kula, anawe mikono, twende kituoni saa mbili asubuhi. Ameniuliza kama kutakuwa na mtu. Nimeshindwa kumjibu. Mama wa yule mtoto naye anakuja, na fundi baiskeli nimembembeleza, amesema atafikiria. Tutakaa nje, hatutapiga kelele. Tafadhali tuma mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe wa karibu na stendi,
Mkoa wa Dodoma