Mwanangu, kihusishi cha mwisho usikiache njiani

Mwanangu mpenzi,

Huku Mtwara hatujambo. Baba yako yuko shamba Nanyamba wiki hii, wanapulizia salfa, mikorosho imeanza kuchanua. Bibi anakusalimu sana. Insha zako mbili zimefika, nimezisoma jioni ileile nilipotoka shuleni, na kuna jambo moja nataka tulimalize kabla hujaingia kwenye mtihani wa utamilifu.

Umeandika kuhusu matroni wenu: "Our matron is easy to talk to her." Ukurasa wa pili, kuhusu viti vya bwaloni: "The chairs are not comfortable to sit." Zote mbili zimepigwa mstari mwekundu, hakuna maelezo pembeni. Sentensi ya kwanza imezidi neno, ya pili imepungukiwa neno, lakini zinaumwa ugonjwa mmoja.

Tuanzie kwenye Kiswahili, maana huko ndiko yalikotoka. Sisi husema "matroni wetu ni rahisi kuzungumza naye." Hiyo "naye" ukiitoa, sentensi inaning'inia, mtu atakuuliza kuzungumza na nani. Husema pia "bibi si rahisi kumdanganya", na ile -m- ndiyo bibi mwenyewe. Kiswahili kikishamtaja mtu mwanzoni, hurudi kumgusa tena kwenye kitenzi. Kwa hiyo ulipoandika "her" ulifuata kanuni nzuri kabisa, ila si ya Kiingereza.

Kiingereza kinaanzia hapa: "It is easy to talk to our matron." Matroni yuko mwisho, nyuma ya "to". Ukitaka sentensi imhusu yeye, unamtoa kule mwisho unamleta mbele, na pale alipotoka panabaki wazi. Pawe wazi hivyohivyo. "Our matron is easy to talk to." Ukiongeza "her", umemweka mtu mmoja sehemu mbili. Ukifuta "to" ya mwisho, umekivunja kitenzi chenyewe, kwa sababu Mwingereza anapozungumza na mtu anasema "talk to", hawezi kusema "talk" peke yake kisha akamtaja mtu. Kile kihusishi, yaani neno dogo kama hiyo "to", kilichobaki mwishoni kichukulie kama kandambili mlangoni: ukiziona unajua mwenyewe yumo ndani, huna haja ya kumwita.

Sasa viti. "It is not comfortable to sit on the chairs." Vilete mbele: "The chairs are not comfortable to sit on." Kwa nini "on" ilikuponyoka? Hebu itamke kwa Kiswahili: viti hivi havifai kukalia. Umekiona kitenzi? Si "kukaa", ni "kukalia". Ni ile kauli ya kutendea uliyoisoma tangu kidato cha kwanza, na hapa ndiyo inayofanya kazi ambayo Kiingereza kinaifanya kwa "on", "in", "with". Kalamu ya kuandikia ni "a pen to write with". Kitanda cha kulalia ni "a bed to sleep in". Kisu cha bibi hakifai kukatia: "Grandmother's knife is hard to cut with." Kwetu kihusishi kimezama ndani ya kitenzi, ndiyo maana sikio halikidai unapohamia Kiingereza. Mimi jambo hili nalipenda kupita yote ninayofundisha, kwa sababu linaonyesha kwamba mtoto anayeijua vizuri kauli ya kutendea tayari ana nusu ya somo la Kiingereza mkononi. Kila utakapojikuta unafikiri kwa "-ia" au "-ea", simama ujiulize kile kitenzi cha Kiingereza kinatembea na kihusishi gani.

Jizoeze kwa mambo ya kwetu, yatakukaa kichwani kuliko mifano ya vitabu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, aliyekuwa akisafiri kwa barabara ya pwani kutoka huku kwenda Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikolea safari ilikuwa ya kumwomba Mungu. "The Rufiji was hard to get across." Usiandike "hard to get across it", mto umeshautaja. Barabara yenyewe: "The road was difficult to rely on." Kuitegemea ni "rely on", na "on" hiyo haiachwi.

Au chukua Tendaguru, kule Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, wakasafirisha zaidi ya tani 200 hadi Berlin, ambako kiunzi kirefu cha mifupa ya dinosaria kimesimamishwa mpaka leo. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi mizigo ilikwenda kwa miguu, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa huku kwetu. Hapo unaweza kuandika: "Some loads were too heavy for one man to walk with." Tazama ilivyopangika. "Too heavy" ndiyo sifa, "for one man" anamtaja mtembeaji, "walk with" ni kutembea nao, na baada ya "with" hakuna kitu kwa sababu mizigo iko mbele. "Enough" nayo hufuata njia hiyohiyo: "The box is strong enough to stand on."

Kuna kosa jingine ambalo hukulifanya lakini wenzako nimewaona nalo, nalo lazima nilitaje. Sisi tunasema pweza ni rahisi kupatikana Msimbati, na ni Kiswahili safi. Mtoto anahamisha: "Octopus is easy to be found." Kiingereza hapo hakitaki kauli ya kutendwa. Ni "easy to find", basi.

Lakini usije ukabeba kanuni hii ukaimwaga kila mahali. Vipo vivumishi ambavyo anayetajwa mbele ndiye mtendaji mwenyewe: "eager", "willing", "afraid", "glad". Hapo hakuna aliyehamishwa, kwa hiyo hakuna nafasi wazi, na anayetendewa, kitenzi kikimhitaji, lazima umtaje. "Our matron is willing to listen to us." Ukiishia "willing to listen to", msomaji anakungoja. Mwanaisimu Noam Chomsky, Mmarekani, katika miaka ya 1960 aliufanya mfano huu kuwa maarufu: "John is easy to please" na "John is eager to please". Kwa macho ni sentensi pacha. Ya kwanza, wengine ndio wanaompendeza John. Ya pili, John ndiye anayetaka kuwapendeza wengine. Ukibabaika, jaribu kuirudisha sentensi kwenye "It is". "It is easy to please John" inasimama. "It is eager to please John" haisimami. Ndio mtihani wote huo, na unaufanya kichwani kwa sekunde mbili.

"Ready" inakwenda pande zote mbili, na mimi nikiifikia darasani huwa sina haraka. "The goat is ready to eat." Mbuzi yuko tayari kula, au mbuzi yuko tayari kuliwa? Kiingereza kinakuachia uamue kwa mazingira, Kiswahili kinalazimika kusema waziwazi. Na angalia hili: "impossible" inakubali kuhamisha, "He is impossible to talk to", lakini "possible" inakataa. Ni "It is possible to talk to him" na si vinginevyo. Hiyo ishike kwa moyo tu.

Umeniuliza pia kama ni kweli sentensi haipaswi kuisha na kihusishi. Ni kanuni ya zamani, mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, na walimu wengi wakairithi kwa nia njema. Ila kwenye sentensi za namna hii huna pa kukipeleka. Kimalizie hapohapo bila woga.

La mwisho ni fupi. Kivumishi kikifuatwa na kihusishi chake, kitenzi kinachokuja hubeba "-ing": "good at swimming", "tired of waiting". "To" nayo wakati mwingine ni kihusishi, kama katika "I am used to getting up early", kwa hiyo usiione tu ukakimbilia kitenzi kitupu. Na tofautisha "afraid to climb", ambapo hofu inamzuia mtu kupanda, na "afraid of falling", ambapo anahofia yatakayompata. Halafu kuna "worth": "The ferry is worth waiting for." Kitenzi kina "-ing", na "for" imebaki mwishoni vilevile.

Niandikie sentensi zako mwenyewe, kuhusu bibi, kuhusu feri ya Msangamkuu, kuhusu ming'oko ilivyo kazi kuichimba, chochote. Kila utakapomalizia na kihusishi, chini yake andika ile sentensi ya "It is" ilikotoka. Mpe shangazi yako bahasha akija kukutembelea, atakuwa huku kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa ya matumizi baba atatuma Ijumaa akirudi mjini.

Mama yako