Usiwauze Kuku Hao Kwanza

Ruai, Nairobi
14 Novemba

Ndugu yangu Kariuki,

Pokea salamu zangu na za Mama Neema. Sisi hatujambo. Niwie radhi kwa kuzifupisha, kwani tangu uliponipigia simu Jumapili sijatulia.

Kuku kumi na mmoja kwa siku mbili, katika kundi la mia moja na arobaini, hawakuuawa na baridi. Ulisema kwamba vilemba vyao viligeuka rangi ya zambarau, na kwamba wengine walikula vizuri jioni lakini asubuhi ukawakuta wamekufa. Ulisema pia kwamba Mzee Gitau amewatazama na kuamua kuwa ni kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Huenda amepatia. Hata hivyo, kideri na mafua makali ya ndege hufanana mno: kuharisha kijani, kichwa kuvimba, shingo kupinda, mayai kupungua ghafla. Hata daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Maabara peke yake ndiyo inayoweza.

Mimi yalinipata mwaka jana, nilipopoteza kuku tisa. Afisa wa mifugo aliyekuja alimshika kuku mmoja baada ya mwingine, akawafungua midomo na kuzungusha kijiti cha pamba kooni, kisha akaingiza kingine chini ya mkia mpaka kikatoka na kinyesi. Kila kijiti alikitia katika kichupa chenye maji maalumu, akavipanga vichupa vyote ndani ya kikasha cha barafu, akanionya kwamba mzoga unaopelekwa maabara ya mifugo ya Kabete huwekwa kwenye ubaridi lakini haugandishwi kwenye friza. Kisha akaniomba daftari ambamo huandika kila asubuhi idadi ya mayai, chakula, maji na vifo. Tulipolipitia tukaona kwamba mayai yalianza kushuka siku tatu kabla ya kuku wa kwanza kufa. Majibu yalipotoka, kilikuwa kideri, nami nikashukuru. Lakini zile siku za kungoja sikuuza hata yai moja.

Kariuki, hilo ndilo ninalokuomba. Yule mchuuzi anayekuja Jumamosi asipakie kuku hata mmoja. Kuku anayeonekana mzima leo huenda ameshaambukizwa, na kreti zake zitashushwa huku Nairobi sokoni, kando ya kuku wa watu wengine, kabla hazijarudishwa kwa mfugaji mwingine bila kuoshwa. Trei za mayai nazo zibaki hapo hapo.

Ulinituliza kwa kusema kwamba bata wako wote ni wazima. Mimi hilo limenizidishia wasiwasi, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege na kuvitoa kwenye kinyesi bila kuonyesha dalili yoyote. Wako hushuka ziwani Naivasha kila siku, na huu ndio msimu ambao ndege wahamaji wamefika kutoka kaskazini. Unakumbuka Januari 2017, wakati Uganda ilipotangaza virusi vya H5N8, aina ya mafua makali ya ndege? Ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na huko Masaka wakapatwa bata na kuku wa kufugwa. Serikali yetu ilifunga njia ya kuku kutoka huko mara moja. Wafungie bata wako zizini, mbali na kuku, na uwape maji ya bomba.

Ninajua karo ya Wambui inakungoja na kwamba hao kuku ndio karo yenyewe. Nitakutumia pesa za chakula cha kuku mpaka majibu yatoke, nawe utanirudishia utakapoweza. Tafadhali mwite afisa wa mifugo wa kaunti ndogo kesho, wala usingoje kifo kingine.

Wamekufa wangapi tangu Jumapili? Mayai yalianza kupungua lini, nao wanakunywa maji kama kawaida? Mizoga uliizika au mbwa waliila? Nani aliwanyonyoa wale wawili uliosema mliwachinja walipoanza kuzubaa, naye alijifunika mdomo na kuvaa glavu? Je, kuna yeyote nyumbani mwenye homa au kikohozi? Na watoto bado wanaingia bandani?

Nipigie kabla ya Jumamosi alfajiri, gari la mchuuzi likiwa bado halijafika.

Wako,
Barasa