Barafu kwenye kabureta siku ya joto

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba mwalimu ameanza kukuachia ndege uruke peke yako, na kwa sababu hiyo sikutaka kuchelewa kukujibu. Unasema injini ilififia mkiwa mnashuka, jua linawaka, na wote mkalaumu mafuta machafu. Mimi nashuku barafu.

Najua inashangaza. Lakini petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, hufyonza joto, kama spiriti inavyobaridisha ngozi kabla ya sindano, na hewa yenyewe hupoa inapopita kwa kasi kwenye koo jembamba. Halijoto pale inaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu mwingi inatosha kabisa kugandisha maji kwenye vali ya kabureta, ile inayofunguka unapoongeza nguvu na kujifunga unapopunguza. Wakati wa kushuka ndipo hatari inapozidi, kwa kuwa vali imekaribia kufunga na upenyo uliobaki huziba upesi.

Dalili yake ni ya kinyemela. Kwa propela ya pembe isiyobadilika, mizunguko ya injini kwa dakika hupungua polepole bila wewe kugusa chochote. Rubani huongeza nguvu kidogo, dakika chache baadaye anaongeza tena, na bila kujua anauficha ugonjwa. Ukijikuta unafanya hivyo, vuta kishikio cha joto la kabureta, kinachoingiza hewa ya moto humo, mpaka mwisho. Usivute nusu, maana joto la nusu laweza kuipeleka hewa ya baridi kali kwenye kiwango kilekile kinachogandisha.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa maana ndipo watu wanapoponzwa. Ukishavuta, mizunguko itashuka zaidi, kwani hewa ya moto ni nyepesi, na kama barafu ipo injini itakohoa na kutetemeka inapomeza maji yaliyoyeyuka. Mkono utatamani kurudisha kishikio. Usirudishe! Subiri, barafu ikiisha mizunguko itapanda.

Tena joto hilo hutoka kwenye bomba la ekzosi. Injini ikikaa muda mrefu bila nguvu, ekzosi hupoa na huna tena cha kuyeyushia. Ndiyo maana nakusihi uvute kabla ya kupunguza nguvu, na katika mteremko mrefu uipe injini nguvu kidogo kila baada ya futi 500 hadi 1,000 ili ibaki na joto. Kitabu cha ndege yako kikisema vingine, fuata kitabu. Ardhini, jaribu joto la kabureta kabla ya kuruka kisha ulifunge, kwa kuwa kwa kawaida hewa hiyo haipiti kwenye chujio na vumbi litaingia kwenye silinda.

Hata hivyo endelea kukinga mafuta kidogo kwenye chupa na kuyakagua kabla ya safari. Angalia rangi pia, siyo mstari wa maji chini tu: chupa ikijaa maji matupu hutaona mstari wowote. Petroli ya ndege iitwayo 100LL ni ya buluu.

Uniandikie mizunguko ilikuwa mingapi kabla ya injini kufifia, na kama mlivuta joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu au baadaye. Mpe mwalimu wako aisome barua hii pia, nisikie anasemaje.

Ni mimi rafikiyo akupendaye.