Barua ya wazi kwa vijana wanaoshika mashine Ziwa Albert, na kwa wale waliowashikisha

Wanangu,

Salamu kwenu nyote, kuanzia Ntoroko, Kaiso na Butiaba hadi Wanseko na Panyimur. Shule zimefungwa, na mialo, yaani vituo vya mitumbwi ufukweni, imejaa manahodha wa darasa la sita. Asubuhi mtumbwi unaondoka na abiria ishirini na kitu, magunia ya muhogo, pikipiki imelazwa katikati. Kule tezi, nyuma ya mtumbwi, amekaa mtoto, mkono mmoja umeshika mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, mwingine umeshika simu. Mwenye chombo yuko nchi kavu anahesabu nauli. Watu wazima wamepanda, wamekaa, wamefungua miavuli yao. Hakuna aliyeuliza.

Naandika nikiwa na hasira. Mkisoma na hasira pia haidhuru, mradi mfike mwisho.

La sheria nitalipitia haraka, kwa sababu wengi mnalijua na mnajifanya hamlijui. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na kazi ya hatari imekatazwa kwa mtoto, yaani yeyote ambaye hajafikisha 18. Uganda iliridhia Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2003, nao kwa kazi ya hatari unataka 18. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka chombo kikaguliwe na kiwe na leseni, na anayekiendesha awe na sifa za kazi hiyo. Wanaosimamia ni idara ya usafiri wa majini katika Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Hata kwenye meli kubwa za baharini, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, unamtaka baharia wa zamu awe na miaka 16 na ofisa wa zamu 18. Na barabarani je? Kibali cha kuendesha gari hakipewi aliye chini ya 18. Kwa hiyo kijana ambaye hamwezi kumpa gari la watu watano mmempa mtumbwi wa watu ishirini na tano, penye maji ya kina cha mita 50.

Najua jibu lenu. "Mzee, huyu kazaliwa mwaloni, ziwa analijua kuliko wewe." Nakubali. Wapo watoto wa miaka kumi na minne wanaokata mawimbi vizuri kuliko watu wazima wengi. Mkono wao sina shaka nao. Shaka yangu iko mdomoni.

Kazi ya nahodha, ukiiondolea mapambo yote, ni kukataa. Mashine hata tumbili atajifunza kuigeuza. Kusema "chombo hakiondoki" mbele ya mwenye chombo, mbele ya mama mwenye samaki wanaooza, mbele ya wanaume wanne waliolewa wanaotaka kuwahi mechi ng'ambo, hiyo ndiyo kazi. Sasa mtazameni huyo mtoto asubuhi hiyo. Anatazama ubavu, anaona umebaki shubiri moja juu ya maji. Anajua, amelijua hilo tangu akiwa na miaka minane. Anatazama upande wa genge, ule mteremko mkali wa Bonde la Ufa, anaona wingu jeusi limekaa juu yake. Halafu anamtazama mwenye chombo. Mwenye chombo anasema, "Toa." Mtoto anainamisha macho, anavuta kamba ya kuwashia. Ajali imekwisha kutokea pale, saa mbili kabla ya maji kuingia. Kilichobaki ni mazishi.

Mtoto hawezi kumkatalia mtu anayemlisha. Wala hatukumlea hivyo. Tumemfundisha kuwa mkubwa akisema, mdogo anatii, halafu tunamweka mahali ambapo utii unaua. Umri wa 18 na leseni ni kwa ajili ya hilo hasa. Mwenye cheti ana kitu cha kupoteza akiondoka vibaya, na ana kitu cha kushika akikataa: "Wataninyang'anya cheti." Mtoto wa kulipwa kwa samaki watatu hana hata hicho.

Krismasi ya mwaka 2016, wachezaji mpira na mashabiki wao walizama katika ziwa hili hili wakienda mechi, wakafa watu wapatao 30. Machi 2014 walizama wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao, miili iliyoopolewa ikapita 100. Novemba 2018, upande wa Ziwa Victoria huko Mukono, boti la starehe liliondoka likiwa halina leseni na limejaa kupita kiasi, wakafa zaidi ya 30. Tafuteni katika hayo matatu mahali ambapo mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kusema "hapana" angeyazuia. Mtapaona, na mtaona kuwa ni ufukweni.

Haya, wewe kijana uliyefikisha umri, unakataa kwa kipimo gani? Usikatae kwa hofu, kataa kwa hesabu. Abiria 25, kila mmoja weka kilo 65: hiyo ni 1,625. Magunia manane ya kilo 100: 800. Pikipiki 110. Mashine yenyewe zaidi ya 70. Madumu matatu ya petroli ya lita 20, kilo 45 hivi. Umeshafika kilo 2,650 na hujahesabu maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo kumi zilizolala chini ya mbao za kukanyagia ni kilo 200, nazo si kama gunia. Gunia hutulia. Maji hukimbilia upande ule ule chombo kilikoinamia, yakauzidishia uzito. Ndiyo maana chombo chenye maji ndani hupinduka kwa wimbi ambalo jana kilicheka nalo. Fua maji, yaani yachote uyamwage nje, kabla ya kupakia, usingoje kuwa njiani. Na ubavu, pale ulipo chini zaidi, uache shubiri mbili juu ya maji. Ukibaki na shubiri moja, shusha magunia kwanza, kisha watu. Kelele zitakuwepo. Ziache zipigwe.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi: kamba ya kuzimia.

Mnaijua, ile nyekundu iliyojikunja kama waya wa simu ya zamani. Ncha moja ina kipini cha plastiki kinachobanwa chini ya kitufe cha kuzimia mashine, ncha nyingine ni ya kufungwa mkononi mwako, au pajani, au kwenye jaketi okozi. Nyinyi mnafanyaje? Mnakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mnakizungusha pale kwenye kitufe, mashine inawaka bila kamba, na kamba inageuka shanga za shingoni. Sikilizeni kinachotokea. Mashine ya mkono ikiachwa ghafla haiendi mbele moja kwa moja. Nguvu ya propela huisokota upande mmoja, nayo inabaki huko, na mtumbwi unaanza kuzunguka duara. Aliyeanguka yuko ndani ya duara hilo. Mtumbwi unaondoka, unarudi, unaondoka, unarudi, na kila ukirudi propela iko mbele yake. Walioko chomboni hawajui kuizima, kwa sababu aliyejua ndiye yuko majini. Na anayeanguka kwa urahisi ni nani? Ni yule wa kilo 40 aliyekaa juu ya ukingo wa tezi ili aone mbele. Kamba ikiwa mkononi, mashine inazimika kabla kichwa chake hakijaibuka.

Usiku kabla ya kulala, toa huo mpira. Asubuhi washa mashine, vuta kamba kwa makusudi, ione ikizimika. Isipozimika, kitufe kimeliwa na kutu. Fundi kwanza, safari baadaye. Marekani, tangu Aprili 2021, waendeshaji wa boti za chini ya futi 26 zenye kifaa hicho wanalazimishwa na sheria kukivaa mwendo unapokuwa wa kasi. Na kwa kuwa nimeitaja Marekani, msiniletee habari kwamba huko watoto wanaendesha. Wanaendesha, ndiyo. Florida, pikipiki ya maji huigusi kabla ya miaka 14, na aliyezaliwa tangu 1 Januari 1988 hashiki injini ya nguvu 10 au zaidi bila kupita mafunzo na kuwa na kadi yake. Hao wanacheza. Kubeba abiria wa kulipa ni leseni nyingine kabisa, ya serikali kuu.

Mengine nayataja tu, mnayajua:

Wimbi lipokee kwa pembe, nusu ya kulikabili na nusu ya kulikwepa, mashine ikiwa na nguvu ya wastani, usiligeuzie ubavu. Wimbi la nyuma usishindane nalo mbio, omo, yaani mbele ya chombo, itachimba majini. Petroli na oili, kwa mashine nyingi za kuchanganya, ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20; mashine mpya huanza na 25 kwa 1. Legeza kifuniko cha hewa cha tangi. Tazama uzi wa maji ubavuni mwa mashine. Ukikatika, zima, huenda tundu la maji limeziba kwa nailoni au magugu. Chukua plagi mbili na spana yake. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto. Madumu matupu yenye vifuniko yafungwe chini ya viti. Dumu la lita 20 linabeba mtu. Chombo kikipinduka, shikeni mbao, msiogelee kutafuta nchi kavu.

Nirudi kwenu wenye mashine, maana hao watoto hawakujipeleka tezi. Mnamweka mtoto kwa kuwa ni rahisi: hadai mgao, haulizi mafuta yameenda wapi, akifa baba yake anapewa jeneza na debe la unga. Na nyinyi mnaokuja kukagua, mnakuja na rula ya kupimia matundu ya wavu na futi ya kupimia urefu wa mtumbwi. Samaki mchanga mnamtetea vizuri sana. Binadamu mchanga amekaa tezi mbele yenu, anawasalimia, mnampita. Wazazi nao wanasema ada ya shule. Sawa, ada ni nzito, lakini mbona hamuulizi nani mwingine anashika mashine siku ambayo mwanao ni abiria?

Kutambua umri hakuhitaji ofisi. Kitambulisho cha taifa hupewa aliyefikisha 16. Asiye nacho, jibu umeshalipata. Aliye nacho, soma namba yake: herufi C, kisha M au F, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Ukiona CM na mwaka ambao haujatimiza kumi na nane, mrudishe mbele akakae na abiria. Hata wewe abiria unaweza kuomba kukiona kabla ya kulipa.

Na wewe wa miaka kumi na miwili unayeipenda mashine, sikufukuzi mwaloni. Jifunze kuogelea ukiwa na nguo. Jifunze kufua maji, kufunga nanga, kusoma wingu, kufungua na kufunga plagi. Ukifika 16, panda mchana na nahodha mwenye cheti, ukiwa baharia, mkono wako mbali na mashine abiria wakiwemo. Uvuvi wa usiku uache kwanza. Ukifika 18, nenda ukapimwe. Na siku wakikupa mashine, la kwanza watakalokujaribu nalo wala si wimbi. Ni gunia moja la ziada, asubuhi, mtu anayekujua akikwambia, "Mwanangu, hili dogo tu."

Mzee wenu wa mwaloni