Wifi yangu, mwite mwanao akusomee hii

Assalaam alaykum wifi. Usijisumbue kuisoma mwenyewe, mwite mwanao akae hapo kando yako akusomee polepole. Naiandika hapa wazi kila mtu aione kwa sababu haya ya kakako hayako nyumbani kwetu peke yake, kwenye hii njia yetu tu hapa Amu (Lamu), kutoka kisimani mpaka msikitini, nahesabu nyumba nne zenye mtu wa sukari, na wengi wao macho hawajapimwa hata siku moja.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Umesema siku hizi huandiki kwa sababu vidole vimechoka, halafu ukapitisha hapo katikati ati taa za barabarani huko Muscat usiku zinatawanyika kama zina ukungu, kisha ukaniuliza habari za harusi. Wifi, mimi moyo ulinipiga paa. Manake neno hilo hilo, ukungu, ndo kakako alilolisema mwaka jana na mimi nikalipita.

Wacha nikwambie mwaka wetu ulivyokwenda.

Disemba iliyopita niliweka chaki chini, 60 imetimia, na kakako alikuwa keshastaafu miaka mitatu nyuma, kwa hivo ndo mara ya kwanza tangu tuoane tuko nyumbani wote wawili asubuhi mpaka jioni. Na hapo ndo nikaona. Wajua kakako chai hupenda kumimina mwenyewe. Asubuhi moja niko upande wa pili wa meza namwangalia, kashika birika mkono wa kulia, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kakitia ndani ya ukingo wa kikombe, anamimina mpaka chai iguse kidole ndo aache. Chai inatoa moshi. Nikamuuliza wafanya nini, akasema nshazoea. Kazoea tangu lini? Miaka yote ile natoka saa kumi na mbili na nusu kwenda shule, chai tunakunywa kiza kiza, sikuona kitu.

Kumbe alikuwa keshaenda mahali mara tatu kwa siri, na mara zote tatu kauziwa miwani, hakuna aliyemtoboa kidole kupima sukari wala kumulika ndani ya jicho. Ziko kwenye droo hapa zote tatu. Pesa si neno, pesa hutafutwa, lakini miaka miwili ya macho ya mtu imepotea hapo na mpaka leo linaniuma.

Februari nikamshika mkono tukaenda hospitali. Sukari 17, na hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Wakampima na kile kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoangalia sukari iliyonata kwenye damu, kwa hivo hata ukijinyima siku mbili kabla ya kliniki hakidanganyiki, kikatoka 10.4 na daktari anataka chini ya 7. Na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari akatueleza kwamba mwenye sukari mtoto wa jicho humjia mapema na hukua haraka, lakini mpasuaji akitaka sukari ishuke kwanza. Basi tukarudi nyumbani na dawa na mashine ya kupimia.

Halafu Ramadhani ikaingia, mwezi wa tatu. Daktari kasema mwaka huu hapana, usifunge. Wifi, wewe unamjua kakako, tangu ana miaka tisa hajala mchana wa Ramadhani. Siku ya kwanza nilimwekea uji chumbani, nikafunga mlango watoto wa jirani wasione, nikarudi nikamkuta kakaa na bakuli mapajani hajaligusa na machozi yanamtoka. Sikujua la kumwambia. Sheikh wetu ndo aliyekuja akakaa naye, akamsomea pale kwenye Suratul Baqara, mgonjwa na msafiri watahesabu siku nyingine, akamwambia Mwenyezi Mungu kashakupa ruhusa na wewe unaikataa? Akala. Uji ulikuwa ushapoa lakini akala wote.

Tangu hapo akashika adabu kweli kweli. Baada ya alfajiri tunatoka Mkunguni tunafuata ufuo mpaka Shela na kurudi, maji yakijaa tunapita juu, mwanzo alikuwa anashika bega langu kwa sababu mawe hayaoni. Mahamri kayaacha, sukari kwenye chai kaitoa, mkate wa mofa anakula robo pamoja na samaki na mboga, tende akifuturu na watu ni moja. Juni tukapima tena kile cha miezi mitatu, 8.1. Wakasema haya, nendeni Mombasa.

Tukavuka na mashua mpaka Mokowe, upande wa bara, alfajiri, tukapanda basi, Witu, Garsen, Malindi, kila kizuizi unashuka unaonyesha kitambulisho na kakako namshika mkono akishuka ngazi. Bima ililipa sehemu, iliyobaki watoto walichangishana. Jicho la kulia kwanza. Najua wewe ndo unapoogopa hapa kwa hivo nakupa yote kama alivyonipa: hulazwi usingizi, uko macho, wanakutia dawa ya ganzi huna uchungu, wanakufunika uso uachwe jicho moja, unaona mwanga na maji maji tu, wanatoa kile kioo cha ndani ya jicho kilichopiga ukungu wanaweka cha plastiki kinachobaki hapo maisha. Haikutimia hata nusu saa. Mimi nilikuwa nje na tasbihi sijamaliza raundi ya pili, naona analetwa na kiti kafungwa jicho.

Asubuhi yake wakafungua. Akaniangalia kimya, mwisho akanyosha mkono akashika ukingo wa buibui langu akasema, kumbe hili lina maua ya zambarau. Wifi, hilo buibui nalivaa mwaka wa pili.

Akaambiwa asiiname siku kadhaa, kwa hivo sijda hakuna, akasali juu ya kiti anaashiria kwa kichwa. Matone ya dawa mara kwa mara, nimeweka alamu kwenye foni. La kushoto likafanywa Agosti.

Na ile siku tuliyorudi Amu sitaisahau. Hata gati hatujalifikia anazisoma mashua majina, moja moja, kwa sauti, na nahodha anamjibu ndiyo mzee, ndiyo mzee. Tukafika nyumbani hakuingia. Kasimama mbele ya mlango wenu, ule wa babu, anaufuata nakshi kwa macho kutoka juu mpaka chini, halafu akachuchumaa kule chini upande wa kulia akaniita. Ua moja lina mkwaruzo. Akasema huyu ni dadangu, alichukua msumari kwa hasira siku aliyokatazwa kwenda kuangalia mashindano ya punda, akapigwa na mama, mimi ndo niliyemficha. Mimi nimeolewa ndani ya nyumba hii miaka 36 sikuwahi kujua.

Harusi ya mtoto wetu wa mwisho uliona picha, Septemba mwanzoni, vugo lilipigwa mpaka usiku mkubwa, na kakako akawekewa kiti mbele kabisa kwenye kirumbizi, akawa anaona fimbo zinavyogongana. Halwa hakugusa. Nikaogopa atateleza siku hiyo maana kila mtu anamlazimisha, lakini akasema mkono kifuani nimeshukuru, basi. Wiki hizo hizo Maulidi yakaja, msikiti wa Riyadha umejaa mpaka nje na nyumba yetu ina wageni kumi na mmoja. Kile kipimo cha miezi mitatu mwezi huo kikatoka 6.8.

Oktoba tukaenda Nairobi kumuona mjukuu. Treni hatukuwahi kuipanda sote wawili. Tiketi 1,500 kila mmoja, asubuhi tukaondoka Miritini, stesheni ya Mombasa, na mchana tuko Syokimau, stesheni ya Nairobi, na kakako njia nzima kaweka paji la uso kwenye kioo. Tulipofika Tsavo akanivuta mkono: tembo, wekundu kwa ule udongo wa huko, na mdogo kati yao. Watu walisimama wote kupiga picha, yeye hakutoa foni, aliangalia tu mpaka wakapotea. Tulipofika kwa mwanetu akamchukua mtoto, siku kumi na saba tu kazaliwa, akampeleka dirishani akasema ana kope za mama yetu. Nikamwendea nikaangalia. Ni kweli wifi, zile zinazokunjika nchani.

Na sasa analipa deni lake la Ramadhani. Daktari kamruhusu, dawa zimehamishwa futari na daku, daku anachelewesha mpaka karibu na adhana, mchana anajitoboa kidole mara mbili (sheikh kasema hilo halifunguzi), na sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, hilo ni ahadi. Jumatatu na Alhamisi. Bado siku saba.

Sasa nije kwako. Wewe vidonge vya sukari unameza mwaka wa nane huu, uliniambia mwenyewe, na siku niliyokuuliza macho umepima lini ukanijibu yanaona. Ya kakako pia yalikuwa yanaona mpaka akawa anamimina chai kwa kidole. Na si mtoto wa jicho peke yake, ule afadhali, unatolewa. Kuna lile pazia la nyuma ya jicho ambalo sukari hulila taratibu, haliumi na mwanzo huoni tofauti yoyote, ndo maana wanataka wamulike kila mwaka, wanakutia matone mboni ipanuke, unakaa saa chache mwanga unakuchoma, basi. La kakako lilikutwa limeanza kidogo, wanaliangalia. Wangechelewa kidogo tu sijui ningekuandikia nini leo.

Chumba cha chini nimekipaka chokaa na kitanda nimekihamishia huko usipande ngazi. Njoo Maulidi yajayo, kakako anataka kukuonyesha lile ua kwenye mlango, na anataka umuone anavyokuona. Lakini kabla ya tiketi nataka karatasi ya daktari wa macho.

Na wewe mwanangu unayemsomea mamako, hii ni yako. Ukimaliza hapa usimrudishie simu, nipigie mimi mkaza mjombako, unambie miadi umeweka siku gani na saa ngapi.