Baba ameahidi kuwasimulia watoto habari za vita, je, nimzuie?

Ndugu Mshauri,

Ninaomba ushauri wako juu ya baba yangu mzazi, mzee wa miaka karibu 70, ambaye ninaishi naye tangu mama alipofariki katika mji wetu mdogo ulio kando ya Reli ya Kati. Hapa mtaani si wengi wanaolijua jina lake halisi. Watoto humwita Babu Vivuli, na jina hilo limewakaa hata wazazi wao, ambao wengi walipokuwa wadogo walikaa kwenye baraza letu hili hili. Ikifika magharibi, hasa umeme unapokatika, huwasha koroboi, huugeukia ukuta, na kwa mikono yake miwili hutoa mbwa anayebweka, bata, mamba, na bibi kizee asiye na meno anayegombana na mumewe kuhusu kiberiti. Sauti zote ni zake. Hajawahi kudai hata shilingi, na mtoto aliyekuja analia kwa sababu amechapwa nyumbani hukalishwa mbele.

Kabla ya hayo alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana wa kupakua magunia stesheni. Alimsikia Mwalimu redioni akisema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, akaenda kujiandikisha. Alivuka Mto Kagera, akapita Masaka, akafika Lukaya, ambako Machi 1979 mapigano yalikuwa makali. Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili, yeye alikuwa amelazwa na kipande cha chuma begani. Alirudi bila kazi ya jeshi wala pensheni, akaendelea na magunia hadi mgongo ulipokataa. Hayo ndiyo yote niliyoyajua, na mengi niliyapata kwa marehemu mama.

Mwaka huu mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, kwa nia njema kabisa, alimwomba aende awasimulie wanafunzi habari za vita katika juma la Siku ya Mashujaa, inayoadhimishwa Julai 25. Nilitarajia akatae. Alikubali papo hapo, nadhani kwa sababu mwalimu alikuja ameandamana na watoto wanne, na baba hajui kumnyima mtoto kitu. Tangu siku hiyo hapati usingizi. Huamka saa nane za usiku akaketi barazani, na mara mbili nimemkuta ameinua mikono mbele ya ukuta ilhali taa haijawashwa.

Nilipombana, alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Vivuli alifundishwa kambini, kabla ya kuvuka mto, na mgambo mwenzake, kijana wa pwani aliyekuwa akiwachekesha wote waliposubiri amri. Kijana huyo aliuawa Lukaya, hatua chache kutoka alipokuwa baba. Sungura ndiye aliyekuwa kivuli chake. Hapo nikakumbuka kwamba maisha yangu yote sijamwona baba akitoa sungura, kivuli ambacho hata mimi ninakiweza. Watoto wakimwomba, huwajibu kwamba sungura amelala.

Kaka yangu anashikilia kwamba mzee aachwe aseme, kwani akitoa yaliyomo moyoni atapumua, na tena ni heshima aliyoikosa kwa miaka mingi. Huenda ni kweli, ingawa kaka anaishi mbali na si yeye anayesikia mlango ukifunguliwa saa nane. Mimi ninahofu kwamba sauti itamkatika mbele ya watoto, kisha aone haya kuwatazama tena barazani. Na baraza hilo ndilo linalomfanya ale na aoge. Niliwaza kumwendea mwalimu kwa siri ili aahirishe, lakini huko kungekuwa kumfanya baba mtoto. Nilimshauri afanye vivuli tu shuleni, akacheka, akasema walioomba wameomba vita. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: watoto wa darasa la tatu waambiwe kiasi gani?

Ninakuomba unisaidie kwa mambo mawili. Je, nimwache aende, na ikiwa ndiyo, niwe naye pale au uwepo wangu utamwongezea mzigo? Na je, kukosa usingizi huku, miaka mingi namna hii baada ya vita, ni jambo la kumpeleka kwa daktari sasa, au nisubiri siku hiyo ipite?

Zimebaki wiki tatu. Jana alinituma nimnunulie utambi mpya wa koroboi, na nilipomuuliza kama ni wa barazani au wa shuleni, hakunijibu.

Wako,
Binti wa Babu Vivuli